Mlango na Darasa

Tabibu mwenye wagonjwa wengi barazani pake huenda akawa bingwa wa kazi yake. Huenda pia akawa tabibu wa pekee mtaani, au mwenye kupokea wale tu ambao maradhi yao ni mepesi. Mtu mwenye busara hamsifu kwa urefu wa msururu. Huuliza kwanza ni nani waliopokewa, ni nani waliorudishwa, na waliopokewa walikuwa katika hali gani walipoingia. Swali hili humjia kila mtu upesi katika habari ya matibabu, lakini husikika kwa nadra watu wanapozipima shule. Na nadra hiyo huzidi wanapozipima shule za sekondari za wasichana za Kanisa la Uingereza katika jiji la London.

Kila mwaka wazazi wa Uingereza ambao watoto wao wanakaribia kumaliza shule ya msingi hupeleka maombi ya nafasi za sekondari kabla tarehe 31 Oktoba haijapita, na majibu hutolewa tarehe 1 Machi. Katika miezi hiyo minne nyumba nyingi hukosa utulivu. Shule chache za wasichana za Kanisa huombwa na watu wengi kupita nafasi zilizopo, na jambo hilo likitangazwa huchukuliwa kuwa hati ya ubora. Shule inayotakwa na wengi, watu husema, haiwezi kuwa mbaya. Yamkini haiwezi kuwa mbaya. Lakini kutokuwa mbaya ni jambo moja, na kustahili sifa inayopewa ni jambo jingine. Wingi wa waombaji ni habari ya mlango. Habari ya darasa haumo ndani yake. Na mlango unaofunguliwa kwa daftari la mahudhurio ya ibada haustahili kusifiwa na Kanisa wala na taifa.

Haki na iwatangulie wanaoshutumiwa. Shule ya Grey Coat Hospital, iliyoko Westminster, iliasisiwa mwaka 1698. Shule ya St Marylebone ilianza mwaka 1791. Lady Margaret, iliyoko Parsons Green, ilizaliwa mwaka 1917, wakati mwalimu Enid Moberly Bell alipokataa kuona shule iliyoitangulia ikifungwa na wanafunzi wake wakitawanyika. Zote tatu zi hai hata leo, na hakuna inayotoza ada. Hapana mtu wa haki atakayesema kwamba walimu wa shule za jamii hii ni wavivu, au kwamba wasichana wake hawajifunzi. Hujifunza, na hujifunza vema. Mashtaka yaliyomo humu hayako juu ya mwalimu aliye mbele ya ubao, wala juu ya shule moja kwa jina lake. Yako juu ya desturi ya kuchagua watoto kwa ibada ya wazazi wao, na juu ya desturi ya pili iliyozaliwa na ile ya kwanza: kuihesabu faida ya uchaguzi huo kuwa ni tunda la malezi.

Neno la kwanza la kukumbusha ni kusudi la waasisi. Watu wanane wa parokia ya St Margaret walioianzisha Grey Coat Hospital hawakuwa wakuu wa dola. Walikuwa wafanya biashara wa kawaida, wakatoa mali yao ili watoto maskini wa Westminster wapate kusoma, kula na kuvaa. Vazi la kijivu lililoipa shule jina lake lilikuwa vazi la sadaka, alama ya mtoto asiye na kitu. Mwaka 1874 shule hiyo ikapangwa upya kuwa ya wasichana. Jumuiya iliyoeneza shule za Kanisa katika nchi nzima, National Society, ilipoundwa mwaka 1811, iliandika katika jina lake refu kwamba kazi yake ni kuendeleza elimu ya maskini. Hata ng'ambo ya bahari mfano ulikuwa huo huo. Wamisheni wa Kianglikana walipofungua shule ya wasichana Mbweni, katika kisiwa cha Unguja, miaka ya 1870, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wasichana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Na Caroline Thackeray, aliyeisimamia shule hiyo tangu mwaka 1877, hakupata kumwuliza msichana yeyote mama yake alihudhuria ibada Jumapili ngapi. Mama hakuwapo, wala Jumapili hazikuwapo. Mlango ulifunguliwa kwa sababu ya haja ya mtoto, na Ukristo ulikuwa katika kule kufungua.

Basi mtu akitaka kuipima shule ya jadi hii, kipimo kimekwisha kuwekwa na waliomtangulia. Aulize: ni haja ya nani inayotimizwa hapa? Lakini vipimo vinavyotumika leo ni vingine, navyo vyafaa kutazamwa kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza ni hesabu ya waombaji. Katika London mzazi huruhusiwa kutaja shule hadi sita katika fomu moja, akizipanga kwa kadiri anavyozipenda. Shule ambayo mzazi ameitaja ya sita huhesabiwa kuwa imeombwa sawasawa na ile aliyoitaja ya kwanza. Kwa hiyo jamaa moja yenye binti mmoja yaweza kuongeza waombaji katika shule sita, ingawa binti huyo atakaa katika kiti kimoja tu. Asomaye kwamba shule fulani imepata maombi mengi mara kadhaa ya nafasi zake, na asiulize ni wangapi waliyoipa nafasi ya kwanza, amesoma nusu ya habari. Zaidi ya hayo, sifa ya msururu hujizaa yenyewe: watu huja kwa kuwa watu wamekuja. Mzazi asiyewahi kukanyaga ndani ya shule huiandika kwa kusikia kwamba ni vigumu kuipata, kana kwamba ugumu wa kupata kitu ndio utamu wake.

Kipimo cha pili ni matokeo ya mitihani. Hapa watu wa serikali wamejitahidi kuwa waadilifu. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Uingereza zimepimwa kwa maendeleo ya mwanafunzi kuanzia mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hadi mitihani ya GCSE anapokuwa na miaka kumi na sita, si kwa alama za mwisho peke yake. Kipimo hicho huitwa Progress 8. Ni bora kuliko kilichokitangulia, lakini nacho kina upofu wake. Hakimtazami mzazi. Hakijui kama nyumbani mna meza ya kusomea, au mama anayeweza kukaa na mwanawe jioni, au baba aliye tayari kusafiri nusu ya jiji kwa ajili ya mkutano wa walimu. Wala hakikuweza kutolewa kwa mitihani ya mwaka 2025, wala hakiwezi kwa ile ya 2026, kwa kuwa watoto hao hawakufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mwaka 2020 na 2021 wakati wa maradhi ya korona. Pengo hilo likibaki wazi, watu hurudia kule kule kwa zamani: kuhesabu alama za mwisho na kuzisifu.

Wataalamu waliojaribu kuutoa upofu huo wamepata majibu yasiyowapendeza wenye shule. Mwaka 2016 taasisi ya Education Policy Institute ilizilinganisha shule za dini na shule nyingine, ikaondoa tofauti zinazotokana na alama za watoto walipoingia na hali za nyumbani kwao. Faida iliyosalia kwa shule za sekondari za dini ilikuwa kiasi cha moja ya saba ya daraja katika kila somo la GCSE. Moja ya saba ya daraja! Kwa kitu hicho kidogo watu huhama mitaa, na wengine hubadili ibada. Mwaka 2017 shirika la Sutton Trust lilitazama shule 500 zenye matokeo bora miongoni mwa shule za serikali zisizochagua kwa mtihani. Watoto wenye haki ya chakula cha bure cha mchana, ambayo ndiyo alama ya umaskini katika shule za nchi hiyo, walikuwa asilimia 9.4 tu katika shule hizo, ilhali wastani wa shule zote ulikuwa asilimia 17.2. Shule za dini zilionekana kuwa miongoni mwa zile ambazo mlango wake ulichuja zaidi. Hapana haja ya kumshitaki mtu kwa nia mbaya. Chujio hufanya kazi yake hata mwenye kulishika akiwa mtu mwema.

Kipimo cha tatu ni wakaguzi. Wakaguzi wa serikali, Ofsted, walikuwa wakiihukumu shule nzima kwa neno moja hadi mwaka 2024, neno hilo likaachwa kwa sababu watu walitambua kwamba shule haiwezi kuingia katika neno. Tangu Novemba 2025 hutoa kadi yenye hukumu kadhaa, na mojawapo ni juu ya namna shule inavyowahudumia watoto wenye shida. Kanisa nalo lina wakaguzi wake, nao hutazama jinsi imani inavyowastawisha walimu na wanafunzi. Kazi zote mbili zina faida. Lakini mkaguzi huanza kazi yake akiwa ameshapita mlangoni. Humwona msichana aliyemo. Yule aliyerudishwa hana kiti cha kukaguliwa, wala daftari, wala mwalimu wa kumsemea. Ukaguzi wa aina hiyo unaweza kusema kwamba waliomo wanapendwa. Haki iliyofanyika au isiyofanyika nje ya lango uko mbali nayo.

Mlango wenyewe waenda hivi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 hukataza ubaguzi wa dini, lakini imeziachia shule za dini nafasi ya pekee: zikipata waombaji wengi kuliko viti, zaweza kuwatanguliza wenye dini yake. Kila shule hutunga kanuni zake. Watoto walio chini ya ulezi wa serikali hutangulizwa kwa amri. Baada yao, kwa kawaida ya shule za aina hii, sehemu ya viti hutengwa kwa jamaa za wacha Mungu na sehemu hugawiwa watu wengine. Mwenye kuomba viti vya waumini hujaza fomu ya ziada. Padri wake hutia sahihi kushuhudia kwamba mtoto au mzazi amehudhuria mara kadhaa kwa mwezi, kwa muda wa miaka kadhaa. Kanuni za serikali zimeziba mianya mingi: shule haiwezi kumhoji mzazi, wala kuuliza kazi yake au kipato chake, wala kupokea fedha au msaada wa mikono kuwa sababu ya kumpokea mtoto. Mwanya mmoja umeachwa wazi, nao ni ibada.

Watetezi husema kwamba ibada haina bei. Mlango wa kanisa, wanasema, hauulizi kitabaka. Tajiri na maskini hupiga magoti pamoja. Ni kweli kwamba bei yake haihesabiwi kwa pauni. Huhesabiwa kwa saa. Jumapili asubuhi ya mwanasheria ni yake mwenyewe. Jumapili asubuhi ya mwuguzi aliyetoka zamu ya usiku, ya mfagiaji wa ofisi, ya mpishi wa hoteli, ya mama mwenye watoto watatu na asiye na mume, imekwisha kununuliwa na mtu mwingine. Tena yatakiwa miaka. Mwenye kujua leo kwamba baada ya miaka mitatu atahitaji sahihi ya padri ni mtu mwenye habari, mwenye kupanga, mwenye makazi yasiyobadilika. Maskini wa London huhamishwa kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine, na kila ahamapo huacha parokia yake nyuma pamoja na mahudhurio yake. Waingereza wenyewe wana msemo wa mzaha kwa wazazi wa namna ile ya kwanza: piga magoti, uokoke na ada. Mzaha huo hutaja wazi kile ambacho fomu hukificha.

Jambo lililotokea mwaka 2020 lilitoa ushahidi wa ajabu. Makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na shule zikalazimika kuongeza fungu katika kanuni zake, kwamba mahudhurio yatahesabiwa kwa majuma ambayo kanisa lilikuwa wazi. Watu walikuwa wakisali majumbani, wakizika wafu wao kwa shida, wakiwapelekea chakula majirani wagonjwa. Lakini kwa ajili ya fomu majuma hayo yalikuwa matupu. Fungu hilo lilikuwa la lazima na la huruma. Hata hivyo lilifunua kwamba kilichokuwa kikipimwa miaka yote hakikuwa imani. Kilikuwa ni kuonekana.

Dhara la desturi hii haliwapati waliokosa viti peke yao. Lawapata pia waliovipata, na Kanisa lenyewe. Padri aliyewekwa wakfu kuwa mchungaji hugeuzwa karani wa mahudhurio. Akimwona mgeni benchi la nyuma akiwa na mtoto wa miaka minane, hawezi kujua kama amekuja kumtafuta Mungu au kuitafuta sahihi, na kule kushuku tu ni jeraha katika kazi yake. Mzazi aliyekuja kwa moyo safi huona haya, kwa kuwa anajua anashukiwa. Na binti, aliye na macho kama watu wote, huona kwamba safari za kanisani zilikoma baada ya tarehe 1 Machi. Amepata somo lake la kwanza la dini kabla ya kuingia katika shule ya dini, nalo ni kwamba sala ina malipo, na malipo yakipokewa sala yaweza kukoma. Hapana mwalimu wa maarifa ya Biblia atakayelifuta somo hilo kwa urahisi.

Hoja za upande wa pili si haba, na yafaa zijibiwe moja moja.

Yasemwa kwanza kwamba Kanisa ndilo lililojenga shule hizi, na mwenye nyumba huchagua wageni wake. Majengo mengi na viwanja vingi vilitoka kwa Kanisa kweli. Lakini tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 mishahara ya walimu wa shule hizi imelipwa na hazina ya watu wote. Katika sheria hiyo shule za hiari zenye uhuru mkubwa zilitakiwa kuchangia nusu ya gharama za majengo. Leo mchango huo kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi, na shule zilizogeuzwa kuwa akademia hugharimiwa na serikali. Mlipa kodi asiyesali, au anayesali msikitini, ameshiriki kulisha nyumba hii. Tena hata ile sadaka ya kwanza ilitolewa kwa ajili ya maskini. Mrithi wa sadaka hawezi kudai haki ya mwenye mali.

Yasemwa pili kwamba wazazi Wakristo wana haki ya kuwalea watoto wao katika imani yao. Wanayo, na hakuna anayewanyang'anya. Lakini Kanisa la Uingereza si kikundi cha wanachama. Ni kanisa la dola, na sheria ya nchi humpa kila mkaaji wa parokia haki ya kufunga ndoa katika kanisa la parokia yake, na ya kuzikwa katika makaburi yake maadamu yangali na nafasi, awe mhudhuriaji au asiwe. Kanisa hilo humpokea mtu asiyesali akiwa bwana arusi, na humpokea akiwa maiti. Kwa nini lihitaji hati ya mahudhurio anapokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja?

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo haistahili kujibiwa kwa haraka. Watetezi huonyesha kwamba katika London wanaojaza makanisa si Waingereza weupe wenye nafasi peke yao. Ni jamaa zilizotoka visiwa vya Karibi, Nigeria, Ghana, na Uganda. Watu wa kipato kidogo na imani kubwa. Mabinti wao wamepata kwa njia ya kanisa viti ambavyo wasingevipata kwa njia ya mtaa, kwa sababu nyumba zilizo karibu na shule njema ni ghali kupita uwezo wao. Ukiliondoa daftari la ibada, watetezi husema, utamnyang'anya binti wa mwuguzi wa Kiganda, umpe binti wa mwanasheria anayekaa jirani na lango. Hoja hii ni ya kweli katika nusu yake. Ni kweli kwamba umbali wa nyumba ni chujio jingine, na pengine ni kali zaidi. Lakini haithibitishi kwamba chujio la kwanza ni la haki. Yathibitisha tu kwamba yapo mawili. Mama wa Kiganda aliyefika London mwaka jana hana miaka ya mahudhurio ya kuonyesha. Mama wa Kiislamu aliyetoka Mombasa au Mogadishu, ambaye hutamani shule ya wasichana watupu kuliko mtu yeyote, hana hata pa kuanzia, isipokuwa katika vile viti vya wazi ambavyo aghalabu hugawiwa kwa umbali. Ikiwa nia ni kumsaidia maskini, kanuni za serikali tangu mwaka 2014 zimeruhusu shule imtangulize mtoto maskini waziwazi, kwa umaskini wake. Njia iliyonyooka ipo. Mwenye kupita ya kuzunguka, huku akijisifu kwamba baadhi ya maskini humfuata, aeleze kwa nini hapiti ile iliyonyooka.

Yasemwa mwisho kwamba bila kuchagua kwa imani, roho ya shule itatoweka. Sheria yenyewe imeijibu hoja hii. Shule ya dini isiyojaa haina ruhusa ya kumkataa mtoto yeyote kwa ajili ya dini yake. Uchaguzi wa imani huanza pale tu viti vinapopungua. Kama roho ya Kikristo ingehitaji wanafunzi waliochujwa, basi kila shule ya Kanisa yenye viti vitupu ingekuwa imekwisha kuipoteza roho hiyo. Nani atakayesema hivyo? Shule nyingi za msingi za Kanisa vijijini humpokea kila mtoto wa kijiji, na zimefanya hivyo miaka nenda miaka rudi, zikaimba, zikasali, zikapendwa. Roho ya shule hukaa katika namna mwalimu anavyomtendea mtoto mgumu.

Na hapa ndipo mtu anapokumbuka shule nyingine, ambayo haikuwa na msururu. Mwaka 1699, mwaka mmoja tu baada ya Grey Coat Hospital, parokia ya St Martin-in-the-Fields ilianzisha shule yake. Mwaka 1928 shule hiyo ilihamia Tulse Hill, kusini ya mto Thames, ikawa sekondari ya wasichana ya Kanisa la Uingereza kama zile nyingine. Watoto wa London walipopungua, viti vyake vikabaki vitupu. Na shule iliyo na viti vitupu hupokea anayekuja, wakati wowote wa mwaka, awe mgeni nchini, awe amefukuzwa kwingine, awe hana kitu. Ilipokea. Fedha hufuata idadi ya vichwa, na fedha zikapungua. Mwezi Agosti mwaka 2024 ilifungwa, baada ya miaka 325, na wasichana wake wakagawanywa katika shule nyingine.

Zilikuwa za Kanisa moja, za karne moja, za kusudi moja, katika jiji moja. Anayepima shule kwa msururu atasema kwamba moja ilikuwa njema na nyingine ilikuwa mbaya, ndiyo maana moja ipo na nyingine haipo. Lakini mtu mwenye kupima kwa kipimo cha wale watu wanane wa mwaka 1698 atauliza ni ipi kati ya hizo iliyokuwa ikifanya kazi waliyoitolea mali yao. Jibu lake huenda likawa chungu kwa Kanisa, kwa sababu Kanisa liliacha shule iliyokuwa wazi kwa lazima ya sheria ife kwa uwazi wake, huku shule zenye lango zikiongezewa sifa kwa lango hilo.

Dawa si kuzifunga shule hizi, wala kuzinyang'anya jina la Kanisa. Mwaka 2011 Askofu John Pritchard wa Oxford, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya elimu ya Kanisa la Uingereza, alishauri kwamba viti vinavyotengwa kwa waumini visizidi asilimia kumi hivi. Lilikuwa neno la mtu wa ndani, aliyejua gharama yake. Shule zilizo na msururu zaweza kulitimiza bila kusubiri sheria mpya. Zianze kwa kumtanguliza mtoto maskini, kama kanuni zinavyoruhusu. Viti vinavyobaki vigawiwe kwa kura miongoni mwa wote walioomba, ili umbali wa nyumba usichukue mahali pa daftari la ibada. Kura si jambo geni katika nchi hiyo. Mji wa Brighton umeitumia tangu mwaka 2008 kugawa viti vya sekondari kati ya watoto wa eneo moja.

Wapo watakaosema kwamba kura ni mchezo, na kwamba si heshima kuweka maisha ya mtoto juu yake. Hoja hiyo yaweza kutolewa na mtu yeyote isipokuwa Kanisa. Nafasi ya Yuda ilipobaki wazi, mitume walikuwa na watu wawili wanaofaa na kiti kimoja. Hawakuwauliza ni nani aliyehudhuria zaidi. Walisali, wakapiga kura, ikamwangukia Matiya, akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Ikiwa kura ilitosha kumpata mtume, basi yatosha kumpata msichana wa darasa la saba wa Westminster.

Siku shule ya namna hiyo itakapopimwa, mpimaji atakuwa na haki ya kuyatazama matokeo yake na kuyaamini. Alama zikiwa juu, atajua ni kazi ya walimu. Wasichana wakiwa na adabu, atajua walifundishwa humo. Sifa ya darasa itakuwa ya darasa. Hadi siku hiyo, shule zenye msururu mrefu zinaweza kuwa njema kama zinavyosemwa, lakini hazijakubali bado kupimwa.